Mbwa Mmoja Anamwonea Mwenzake: Kutafuta Chanzo Dalili kwa Dalili

Una mbwa wawili ambao bado vijana, na mmoja hamwachi mwenzake apumue. Anamrukia mgongoni, anamkaba shingo, anamwangusha na kumkalia, na mwenzake akikimbilia chini ya meza anamfuata huko huko. Hujui kama unaangalia mchezo au vita. Ukiwaachanisha unajihisi unawanyima raha. Ukiwaacha, unakaa na wasiwasi kwamba iko siku mmoja ataumia.

Nimeishi hivyo miezi kadhaa na dume langu Jabali na jike langu Tausi, waliopishana umri wiki chache tu. Muda wote huo macho yangu yalikuwa kwa Jabali: mbona ana fujo, mbona hasikii, nimfanyeje atulie. Nilikuwa natazama upande usio wenyewe. Aliyekuwa ananieleza hali halisi kila siku ni Tausi, na mimi simsikii. Kwa hiyo katika kila dalili iliyo hapa chini nitakurudisha kwenye swali moja: anayefanyiwa anasemaje?

Anza na kipimo hiki

Wakiwa katikati ya purukushani, mshike yule mkali kwa utulivu, bila kumfokea, umzuie kwa sekunde kumi hivi. Kisha mtazame mwenzake. Akirudi mwenyewe, akainamisha kifua hadi chini huku matako yako juu, au akamgusa mwenziwe kwa mguu amchokoze, basi huo ni mchezo, hata kama kelele zake zinatisha. Akiondoka, akajikung'uta kama aliyetoka majini, akalamba midomo bila chakula, akajibanza nyuma ya miguu yako au akaenda kulala kona ya mbali, basi hakuwa anacheza. Alikuwa anavumilia.

Rudia kipimo hicho mara nne au tano kwa siku tofauti, maana siku moja anaweza kuwa amechoka tu.

Mchezo wa kweli una zamu. Anayekimbiza sasa hivi atakimbizwa baadaye. Mkubwa hujilaza chali mwenyewe ili mdogo naye apande juu, na hupunguza nguvu za taya zake. Miili huwa laini, inajipindapinda, midomo iko wazi, na kila baada ya muda wanasimama kidogo kisha wanaanza upya. Kunguruma na kubweka katikati ya mchezo ni kawaida kabisa. Mimi hunitisha zaidi ukimya: mdomo uliofungwa, mwili uliokakamaa kama ubao, macho yaliyogota sehemu moja, mkia uliosimama wima bila kutikisika au uliobanwa katikati ya miguu. Hapo usingoje uone kitakachofuata.

Dalili: mmoja yuko juu kila wakati

Kuwa juu peke yake si kosa. Wako mbwa wanaopenda kulala chali na kupiga mateke kutoka chini, na wanarudi kuomba tena. Ikiwa aliye chini anarudi, acha.

Asiporudi, chanzo cha kwanza cha kuangalia ni tofauti ya miili. Mbwa wa kilo ishirini na tano anayecheza kwa nia njema kabisa anaweza kumteguza mwenzake wa kilo sita kwa kumrukia mara moja tu. Hao wasiachwe pamoja bila mtu kuwaangalia, hata kama wanapendana, kwa sababu hatari haitoki kwenye tabia bali kwenye uzito.

Chanzo cha pili ni mitindo ya mchezo isiyopatana. Mmoja anataka mieleka, mwingine anataka mbio. Mpenda mbio akikimbia, mpenda mieleka anamdaka na kumwangusha, na kwa huyo wa kwanza mchezo umeishia hapo. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Tausi akipewa nafasi pana alikuwa anacheka mwili mzima, lakini ndani ya chumba, pasipo pa kukimbilia, alikuwa anaminywa tu. Nilipohamishia mchezo wao uwanjani na kufanya ndani ya nyumba kuwa mahali pa utulivu, nusu ya ugomvi ilikwisha bila mafunzo yoyote.

Chanzo cha tatu ni kwamba yule mkali hajapata wa kumwambia "basi". Mbwa mzima mwenye hekima hufanya kazi hiyo kwa mngurumo mmoja mfupi. Kijana mwenzake mara nyingi hajui kuusema, au anausema na hasikilizwi, na hapo wewe ndiye unayepaswa kuingia.

Kuingia kwenyewe kuna namna yake. Mfundishe kila mmoja, akiwa peke yake, kwamba akisikia jina lake na kugeuka kwako anapata kitu kitamu papo hapo. Fanya hivyo mara nyingi sana katika utulivu. Kisha mwite wakati mchezo ni wa polepole, mlipe, umruhusu arudi kucheza. Hilo la kumruhusu arudi ni muhimu, kwa sababu akijifunza kwamba kuitwa maana yake raha imekwisha, siku ya pili hatageuka. Watu wengi huanza kuita mbwa akiwa amepandwa na mori, wanashindwa, kisha wanasema mbwa wao ni kiburi. Mbwa hajakataa. Hajafundishwa kufanya hivyo katika hali ile.

Ikiwa hageuki, mvalishe mkanda wa kifuani wenye kamba nyepesi ya mita mbili inayoburuta chini, wakati wewe upo tu. Akizidisha, shika kamba, mtoe bila maneno, muweke upande wa pili wa kizuizi kwa dakika moja au mbili, kisha mrudishe. Kilicho na nguvu hapa ni uharaka. Ukimkimbiza nyumba nzima nusu dakika nzima ndipo umshike, hajui tena anatolewa kwa ajili ya nini. Na yule mnyonge awe na mahali pake pa kujificha, kibanda au chumba, ambapo mwenziwe haruhusiwi kumfuata hata mara moja. Usimtoe huko kwa ajili ya kucheza. Atoke mwenyewe.

Dalili: anamng'ata shingo na masikio, anamburuta

Watoto wa mbwa wana meno ya utoto 28. Huanza kung'oka katika mwezi wa tatu hadi wa nne, na kufikia mwezi wa sita au wa saba huwa meno 42 ya ukubwani yameshaota. Katika kipindi hicho fizi zinawasha na kila kitu kinatafunwa, mwenzake akiwamo. Meno ya utoto ni membamba kama sindano, hivyo anayeng'atwa anapiga kelele kuliko jeraha lilivyo. Akipiga yowe na mng'ataji akaachia papo hapo, akarudi nyuma, akaanza tena kwa ulaini, anajifunza vizuri. Akipiga yowe na mng'ataji akazidisha, watenganishe mara moja.

Wape vitu vya kutafuna, kila mmoja chake na kila mmoja mahali pake. Halafu pitisha vidole chini ya manyoya ya yule anayeng'atwa, shingoni, nyuma ya masikio na kwenye viwiko, kila jioni. Vigaga vidogo huonekana kwa vidole kabla ya macho. Ukivipata mara kwa mara, mchezo huo umezidi kipimo, chochote usemacho mkia wake.

Jambo jingine ambalo natamani ningelijua mapema: wavue mikanda ya shingoni kabla hawajacheza. Mbwa akimng'ata mwenzake shingoni, taya ya chini inaweza kunasa kwenye mkanda. Anashtuka, anajizungusha ajinasue, na mkanda unamkaba yule mwingine huku taya yake mwenyewe ikipindika. Wote wawili wanapiga mayowe na wewe unadhani wanapigana. Mbwa wamekufa namna hiyo mbele ya wenye nao. Ukikuta wamenasana, usiwavute. Wasogeze wakaribiane ili mkanda ulegee, kisha ufungue au uukate.

Dalili: anampanda mwenzake

Hili huwatia watu aibu, na huitwa ubabe haraka kuliko dalili nyingine zote. Dume hufanya, jike hufanya, waliohasiwa hufanya. Mara nyingi ni msisimko uliofurika: wageni wameingia, mchezo umekwenda kasi mno, mbwa hajui afanye nini na nguvu alizo nazo. Muite, mpe kazi nyingine, mtulize. Ikiwa anayepandwa anageuka na kumfokea, na anayepanda anashuka, wamemalizana wenyewe.

Ila kama ni dume na jike ambao hawajahasiwa, kumbuka kwamba jike anaweza kupata joto lake la kwanza, yaani kuwa tayari kupandwa na kushika mimba, akiwa na miezi sita tu, na undugu hauzuii kitu. Zungumza na daktari wa mifugo mapema kuhusu umri unaofaa kuhasi kwa aina ya mbwa ulio nao, na usitarajie kwamba kuhasi kutamaliza ugomvi. Kunasaidia baadhi ya ugomvi wa dume kwa dume. Kwa majike wanaochukiana, hakuna ahadi hiyo.

Dalili: wanapatana, isipokuwa penye chakula, mfupa, kitanda au wewe

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu majeraha mengi ya kweli huanzia hapa na si kwenye mieleka.

Tazama yule aliye na kitu. Kabla hajanguruma hufanya mambo madogo: anakula kwa kasi mwenziwe akikaribia, anainamisha kichwa juu ya bakuli, anaganda ghafla, anatazama kwa pembe ya jicho hadi weupe unaonekana. Kuganda huko, hata kwa sekunde moja, ni onyo kamili. Mngurumo ni onyo la pili. Meno ni la tatu.

Wengi huadhibu onyo la pili. Mbwa ananguruma, anapigwa kofi, ananyamaza, na mwenye mbwa anaamini amemfundisha adabu. Kilichobadilika ni kwamba mbwa amejifunza kutonguruma. Hofu ya kunyang'anywa bado anayo, na safari ijayo atatoka kwenye kuganda moja kwa moja hadi kwenye meno. Mngurumo ushukuru, kisha ondoa sababu yake.

Kuondoa sababu ni kazi ya mpangilio kuliko mafunzo. Kila mmoja ale nyuma ya mlango uliofungwa. Bakuli ziokotwe kabla milango haijafunguliwa, hata zikiwa tupu. Mifupa na vya kutafuna vitolewe wakiwa wametengana tu. Ukihitaji kumtoa mbwa kitu mdomoni, mpe kizuri zaidi wabadilishane. Usikipore, kwa sababu kila ukipora unathibitisha wasiwasi wake. Na ukiona anayelindwa ni wewe, mmoja amejibanza magotini pako na anamkazia mwenziwe macho, usimbembeleze wala usimkaripie. Simama uondoke. Kinacholindwa kikiondoka, hakuna cha kugombea.

Dalili: mchana wametulia, jioni wanachanganyikiwa

Chukua daftari. Kwa wiki moja andika kila ugomvi: saa ngapi, wapi, nini kilitangulia, nani alianza kukakamaa. Daftari langu lilinionyesha kitu nisichokitegemea. Karibu ugomvi wote wa Jabali na Tausi ulikuwa kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, siku ambazo walikuwa wameamka karibu mchana kutwa kwa sababu nyumba ilikuwa na watu.

Mtoto wa mbwa anahitaji usingizi wa saa 18 hadi 20 kwa siku. Anayekaribia mwaka bado hulala sehemu kubwa ya siku. Akiukosa hasinzii kama mtu. Anapagawa, anang'ata ovyo, anakimbia huku na huko. Ukidhani ana nguvu za ziada ukamtoa kwenda kuchezeshwa tena, unamwaga mafuta kwenye moto. Nilianza kuwalaza mchana, kila mmoja chumba chake, pazia limeshushwa. Siku tatu za kwanza walilalamika. Wiki iliyofuata jioni zetu zilikuwa tofauti kabisa, na niliona uchungu kufikiria ni mara ngapi niliwafokea kwa ajili ya uchovu.

Angalia pia njaa na haja. Na matembezi ya kunusanusa taratibu, mbwa akiachwa afuate harufu zake, humtuliza kuliko kurushiwa mpira mara hamsini.

Dalili: mtu akipita nje, wanarukiana wenyewe

Wote wanabweka dirishani au kwenye uzio, hawamfikii yule wa nje, hasira inamwangukia aliye karibu. Hakuna aliyemchukia mwenzake. Ziba mwonekano, usiwaache pamoja kwenye uzio bila mtu, na mlango ukigongwa kila mmoja awe na mahali pake pa kwenda kupokea kitu kitamu.

Dalili: walikuwa marafiki, ghafla hawaelewani

Neno la kushika hapo ni "ghafla". Mbwa aliyebadilika ndani ya siku chache apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kupelekwa kwa mwalimu yeyote. Sikio lenye ugonjwa, jino lililovunjika, nyonga inayouma: mambo hayo humfanya mbwa mpole amkatie mwenziwe meno anapoguswa tu. Na mgonjwa anaweza kuwa yeyote kati yao, anayeshambulia au anayeshambuliwa.

Mabadiliko ya polepole ni hadithi nyingine. Kati ya mwaka mmoja na mitatu mbwa hukomaa kitabia, na uvumilivu wa utotoni hupungua. Tausi wa miezi mitano aliyekuwa anameza kila kitu anaweza kuwa Tausi wa miezi ishirini asiyekubali. Ndiyo maana kinachoonekana sasa kuwa utani wa upande mmoja si cha kungoja kiishe chenyewe wakikua. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Waliozaliwa tumbo moja au kuletwa nyumbani pamoja wana mtego wao: hawawezi kuachana hata dakika tano bila kulia, na wakiwa pamoja ni fujo. Watembeze mmoja mmoja kila siku, wafundishe mmoja mmoja, walale mbalimbali. Ni kazi maradufu, sikufichi.

Je, si ubabe?

Utaambiwa umlaze chali yule mkali na umkandamize hadi anyamaze, au umpe "kiongozi" chakula kwanza ili mwenziwe ajue nafasi yake. Wazo hilo lina historia. Mwaka 1947 mtafiti wa tabia za wanyama, Rudolf Schenkel, aliandika kuhusu mbwa mwitu (wolf, si mbwa mwitu wa Afrika) waliofungiwa pamoja, wakigombea nafasi. Mtafiti mwingine wa mbwa mwitu, L. David Mech, akalisambaza wazo la kiongozi mbabe katika kitabu chake cha mwaka 1970, kisha, baada ya kuwafuatilia mbwa mwitu walio huru, mwaka 1999 alichapisha makala kueleza kwamba kundi la kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Hakuna kiti cha enzi kinachogombewa. Wanaowaongoza wenzao huwa ni wazazi wao.

Watu husema fahali wawili hawakai zizi moja, na wanaangalia mbwa wa miezi minane kwa jicho hilo. Mbwa anaweza kweli kumtangulia mwenzake kwenye kitanda au mlangoni, na mwenzake akaridhia bila shida. Lakini mbwa wa miezi minane anayemkaba mwenziwe kwa kawaida amechoka, amesisimka, anaogopa kunyang'anywa au hajui kuacha. Ukimkandamiza chini unamwongezea hofu juu ya hayo yote, na uso wako uko karibu na meno yake.

Wakishikana kweli

Usiingize mkono katikati wala kushika shingo. Mbwa aliye vitani hatofautishi mkono wako na mwili wa adui. Gonga vyombo kwa kishindo, wamwagie maji, warushie blanketi zito, au sukuma ubao au kiti katikati yao. Mkiwa watu wawili na hayo yameshindikana, kila mmoja ashike mbwa mmoja kwa miguu ya nyuma juu ya magoti, avute kinyumenyume na aendelee kurudi nyuma kwa kuzunguka ili mbwa asipate kugeuka amng'ate. Mara wakiachana, milango ifungwe. Usijaribu kuwapatanisha.

Kagua majeraha kwa utulivu. Tundu dogo la jino huweza kuficha uharibifu mkubwa chini ya ngozi, kwa hiyo daktari wa mifugo alione. Ukiwa umeng'atwa wewe, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama ni mbwa wako.

Kisha watenge siku kadhaa, si saa. Miili hiyo haitulii haraka. Anza kuwarudisha nje, watu wawili, mbwa wawili, kamba mbili zilizolegea, mkitembea upande mmoja kwa umbali ambao hakuna anayemkazia mwenziwe macho. Punguza umbali huo kidogo kidogo siku hadi siku. Ndani ya nyumba tumia kizuizi wanachoweza kuonana kupitia kwake. Kama mmoja ametobolewa kwa kina, au amekataa kula, kunywa au kutoka chumbani kwa kumwogopa mwenziwe, au kuna mtoto mdogo nyumbani, tafuta mtaalamu wa tabia za mbwa sasa, na umuulize daktari wako kuhusu kumzoesha mkali kuvaa kifunika mdomo cha wavu, anachoweza kuhemea na kunywea maji.

Wako wachache ambao hata baada ya hayo yote hawawezi kukaa pamoja. Nyumba nyingine huishi kwa zamu, mmoja yuko nje mwingine ndani, miaka mingi. Nyingine humtafutia mmoja makazi mapya, kwa watu wanaojua kilichotokea na hawajafichwa kitu. Anayefanya hivyo hajamtupa mbwa wake. Amemsikia yule aliyekuwa amejibanza chini ya meza.